Ajali za Karakana Zina Kinga

"Ajali haina kinga." Ndivyo tusemavyo kila kijana anapotoka karakanani akiwa amefungwa bendeji. Msemo huu humliwaza aliyefikwa na msiba, lakini ukitamkwa na mwalimu au msimamizi wa karakana huwa ni kisingizio. Wakazi wa Likoni hawajaisahau feri ya Mtongwe iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994 na kuangamiza watu 272. Feri ile ilikuwa imebeba abiria kupita kiasi. Ajali hiyo ilikuwa na kinga, ila kinga yenyewe haikutumiwa.

Nimefunza kazi za chuma kwa miaka mingi upande huu wa bara ya Mombasa, na hatari nilizoziona zinajulikana na kila fundi. Joto letu la pwani humfanya mwanafunzi avue ovaroli na kuingia kazini na malapa, na cheche za kuchomelea humwangukia vidoleni. Ngozi iliyolowa jasho hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu, kwa hiyo waya uliochunika ni hatari zaidi Kisauni saa nane za mchana kuliko mahali penye baridi. Mashine ya kutoboa nayo haichagui: hunasa tai, mkono wa shati usiofungwa na ncha ya mtandio. Hapana haja ya binti kuvua mtandio wake. Yatosha aukaze na kuuingiza ndani ya ovaroli.

Changamwe, mji wa maghala ya mafuta, kuna hatari nyingine: pipa "tupu". Pipa lililomwagwa petroli hubaki na mvuke ndani yake, na mvuke huo ukichanganyika na hewa huweza kulipuka mara unapoguswa na moto wa kuchomelea. Asiyejua lilikuwa na nini, na asiyejua lilisafishwa vipi, asilikate.

Haya yote yamo katika madaftari ya wanafunzi. Kwa nini basi wanaumia? Aghalabu ni kwa sababu tumewafunza kuficha. Mwanafunzi akiliangusha jiwe la kunolea, hutozwa bei yake. Mwenzake anayetazama hujifunza papo hapo kwamba ni heri kunyamaza. Siku atakapoliangusha jiwe yeye, ataliokota, atalifuta vumbi na kulirudisha kabatini. Ufa usioonekana kwa macho utamngoja mwanafunzi mwingine, na jiwe litapasuka likiwa katika mwendo wa kasi, mbele ya uso wake. Kumbe lingening'inizwa na kugongwa taratibu kwa mpini wa mti, lingejieleza lenyewe: jiwe zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti butu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imelitambua jambo hili. Haimtaki mwajiri aripoti ajali peke yake, bali na matukio ya hatari pia. Tena madhumuni yake ni kuwalinda hata wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zitokanazo na kazi. Itakuwaje basi kiwanda kitakiwe kusema, na karakana ya wanafunzi inyamaze?

Pendekezo langu halihitaji fedha nyingi. Kila karakana iweke daftari mlangoni, na ndani yake iandikwe kila ajali iliyonusurika: ufunguo uliosahaulika kwenye mashine ya kukereza, plagi iliyotoa cheche, miwani iliyokosekana. Dakika 5 za mwanzo wa kila kipindi, yasomwe yaliyoandikwa wiki iliyopita na yaelezwe yaliyorekebishwa. Anayeripoti asitozwe hata senti. Anayeficha ndiye aulizwe.

Walimu wenzangu watasema kuwa wanafunzi watavunja vifaa ovyo wakijua hawalipi. Siamini hivyo, lakini hata ikiwa kweli, jiwe hununuliwa dukani, na jicho haliuzwi popote.

Nanyi wanafunzi, kesho mtaingia katika gereji na vibanda vya jua kali ambako huenda hakuna atakayewakumbusha kuvaa miwani. Mkizoea sasa kusema "kifaa hiki kimeharibika" bila hofu, mtalisema neno hilo hata mbele ya tajiri mwenye haraka, na huenda likamwokoa mwenzenu.