Tabo Kubwa, Bloki Ileile

Mwaka 1997 Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Subaru Impreza, injini yake ilikuwa ikivuta hewa yote kupitia tundu lenye kipenyo cha milimita 34. FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari, haikuwa na haja ya kupima farasi wa kila timu. Ililazimisha kila tabo ivute kupitia tundu hilo, basi. Hewa ikishafikia kasi ya sauti mahali pembamba namna hiyo, haiongezeki tena, hata tabo izunguke vipi. Kwenye usawa wa bahari hupita kama kilo 13 kwa dakika, na kilo 13 za hewa ni farasi 300 kasoro kidogo. Kwenye mwinuko wa Nairobi, tundu lilelile hupitisha pungufu ya kilo 11.

Nguvu ya injini ni uzito wa hewa inayoingia, na petroli inafuata tu. Ajabu ni kwamba anayekwenda gereji kubadilisha tabo mara nyingi hasemi habari ya uzito wa hewa hata kidogo. Husema, “Fundi, nipandishie ifike baa moja na nusu.” Lakini baa ni presha, na presha peke yake haikwambii hewa ni kiasi gani. Tabo ndogo iliyolazimishwa inaweza kukupa baa moja na nusu ya hewa moto, nyepesi, huku tabo iliyochaguliwa vizuri ikikupa hewa nyingi zaidi kwa baa moja na kidogo.

Tufanye hesabu kwa injini ambayo wengi wetu tunayo au tumewahi kupanda gari lake: EJ205 ya lita 2.0, ile ya Impreza WRX na Forester za tabo. Kila kranki ikizunguka mara mbili, injini humeza lita mbili. Kwa mizunguko 6,500 kwa dakika ni lita 6,500, toa asilimia tano hivi kwa sababu silinda hazijai kabisa. Kama ndani ya manifodi kuna presha kamili ya baa 2, yaani baa 1 ya geji ukiwa pwani, na intakula imepoza hewa hadi nyuzi 40, hewa hiyo ina uzito wa kama kilo 13.7. Kila kilo moja kwa dakika huzaa farasi 22 hivi kwenye kranki. Jibu ni farasi 300. Kwa kulinganisha, EJ205 ya baadhi ya Forester zilizouzwa Japani ilitoka kiwandani na farasi 220, ya WRX 250.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujagusa spea yoyote ni hili: unataka kilo ngapi, na ni nani katika injini yako atakayeshindwa kuzibeba?

Wa kwanza kushindwa huwa nozeli. Hewa kilo 13.7 ikiwa na mzigo kamili inahitaji petroli kama kilo 1.2 kwa dakika, karibu lita 1.6. Gawa kwa nozeli nne, kila moja inatoa sisi (cc) 400 kwa dakika. Nozeli za kiwandani za EJ205 ni za sisi 420 hadi 440. Maana yake zinabaki wazi karibu muda wote, na nozeli isiyopata nafasi ya kufunga haiwezi tena kupima. Fundi makini huishia asilimia 85 ya uwezo wa nozeli. Kwa farasi 300, basi, unatafuta za sisi 500 na kitu, na pampu ya petroli ambayo haijachoka. Pampu ya gari la mwaka 2003 ambayo haijawahi kubadilishwa, mimi siwezi kuiamini. Ikilegea kwenye mizunguko ya juu, petroli inapungua wakati hewa ni nyingi kuliko wakati wowote, na hapo pistoni ndiyo inayolipa.

Mafundi husema injini “inagonga”. Katika hali ya kawaida cheche ya plagi huwasha mchanganyiko, na moto husambaa kwa utaratibu hadi kwenye kingo za silinda. Presha na joto vikizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni haungoji moto ufike, unalipuka wenyewe. Wimbi la mlipuko hupiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni mara nyingi kwa sekunde, na sauti yake unaweza usiisikie kabisa ukiwa ndani ya gari, hasa kama umeweka ekzosi ya kunguruma.

Shika pistoni iliyotolewa kwenye EJ iliyogonga namna hiyo. Kichwa chake mara nyingi ni kizima, labda na vidoa vidogo vya kuchimbika upande mmoja. Igeuze ubavu. Kati ya mfereji wa ringi ya kwanza na wa pili kuna ukuta mwembamba wa aluminiamu, milimita chache tu, na ndio uliovunjika: kipande kimetoka, ukingo wake una chembechembe za kijivu kama chaki iliyokatwa. Ringi bado ipo, lakini haina pa kuegemea. Gari halizimi. Linatembea, linatoa moshi wa oili, oili inapanda kwenye mpira wa kupumulia, na ukipima kompresheni silinda moja iko chini, mara nyingi ya nne. Mwenye gari hudhani tabo imeanza kuvuja, anaagiza nyingine.

Udhaifu huo unajulikana zaidi kwenye EJ257 ya lita 2.5, ile ya Impreza STI za soko la Marekani na kwingineko. Silinda zake zina kipenyo cha milimita 99.5, za EJ205 ni 92, kwa hiyo nyama iliyobaki kati ya silinda ni kidogo na pistoni ni pana. Watu wakiona lita 2.5 wanadhani ndiyo imara zaidi. Kwa torki ya chini, ndiyo. Kwa kuvumilia kugonga, hapana. Injini ninayoiheshimu kati ya hizi ni EJ207 ya STI za Japani: lita 2.0, bloki iliyofungwa zaidi kwa juu kuliko EJ205 nyingi, na uwezo wa kufika mizunguko 8,000. Ukiikuta na historia inayoeleweka, bei yake ina sababu.

Konrodi nazo zina mpaka wao, na mpaka huo ni wa torki kuliko wa farasi. Hapa ndipo tabo ndogo inapodanganya. Tabo inayojaa presha mapema, baa 1.4 kwenye mizunguko 3,000, inazisukuma pistoni kwa nguvu kubwa wakati kila mlipuko una muda mrefu wa kukandamiza na oili kwenye beringi bado inapita polepole. Tabo kubwa kidogo, inayoamka kwenye 3,800, inaweza kukupa farasi wengi zaidi huku konrodi zikipata taabu kidogo. Dereva atalalamika kwamba gari limekuwa zito kwenye mzunguko wa barabara. Alalamike. Gia boksi ya spidi tano ya WRX, ambayo haikuundwa kwa ukarimu, nayo itaishi zaidi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ushauri kutoka Uingereza, Japani au Australia hauligusi, kwa kuwa wao wengi wako karibu na bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na hewa yake ina presha ya kama baa 0.82. Geji yako inaposoma baa 1, ndani ya manifodi kuna 1.82, si 2. Ukitaka zile 2 za hesabu yetu, kompresa ya tabo lazima iikandamize hewa mara 2.4 badala ya mara 2. Kazi hiyo ya ziada inafanywa kwa mizunguko ya ziada, na tabo hizi zinazunguka zaidi ya laki moja na nusu kwa dakika zikiwa zimebanwa. Inaleta na joto. Kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70 Mombasa, siku ya nyuzi 30, itatoa hewa ya kama nyuzi 125 kabla ya intakula. Nairobi, siku ya nyuzi 22, ikitafuta presha kamili ileile itatoa nyuzi 145. Ubaridi wa asubuhi ya Limuru hauwezi kufidia pengo hilo.

Kwa hiyo tabo ya kiwandani ya TD04, ambayo pwani ingefika mpaka wake kabla ya kilo 13, Nairobi inafika mapema zaidi. Ukiilazimisha, unapata namba nzuri kwenye geji na hewa moto kwenye silinda. Anayeishi juu anahitaji tabo kubwa kidogo kuliko wa pwani kwa farasi walewale. Hili linasikika kama kisingizio cha kununua tabo kubwa, na wauza tabo wanalipenda, lakini ni hesabu tu.

Hatari kubwa zaidi iko barabarani kuelekea Mombasa. Fundi wa Nairobi, akijua kwamba hewa ni nyepesi, anapandisha hadi baa 1.2 za geji. Presha kamili ni 2.02. Anatyuni petroli na cheche kwenye dino, mashine ya kupimia nguvu ya gari, hadi hapo, gari linatoka safi. Lakini springi ya westigeti, mlango unaoachia gesi ya ekzosi ili tabo isizidishe presha, haijui presha kamili. Inashindana na hewa ya nje. Kadiri unavyoshuka, Mtito Andei, Voi, hewa ya nje inaongezeka uzito, na ile 1.2 ya geji inakuwa 2.2 kamili. Ukishapita Mariakani, joto limepanda, lori tatu ziko mbele, unakanyaga ili uzipite. Injini inameza hewa asilimia tisa zaidi ya ile iliyopimwa, kwenye sehemu ya ramani ya kontroli boksi ambayo haikuguswa siku ile ya dino. Kontroli boksi ya kiwandani ina namna ya kujirekebisha kwa mwinuko. Nyingi zilizobadilishwa programu, au zilizofungwa kidhibiti presha cha pembeni, hazina tena.

Ongeza petroli yenyewe. STI na WRX za Japani zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya huko, inayouzwa kwa oktani 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Programu iliyonakiliwa kutoka gari la Japani na kupachikwa kwenye gari lako inadhani una kitu ambacho huna.

Kwa EJ205 ambayo haijafunguliwa, Nairobi, kwa matumizi ya kila siku, mimi ningefunga tabo ya IHI ya aina ya VF30 au VF34 iliyotoka kwenye STI, au TD05 yenye kompresa ya 16G, na ningesimama kwenye farasi 280 hadi 300 wa kranki. Dino inayopima kwenye magurudumu itaonyesha pungufu ya hapo, na huo si udhaifu wa fundi. Magurudumu yote manne na gia boksi vinakula sehemu yao. Tabo hizo zina nafasi ya kufika mbali zaidi, ndiyo, na nafasi hiyo ndiyo unayoinunua: kuifanyisha kazi tabo katikati ya ramani yake ya kompresa, mahali pa ufanisi, badala ya kuibana ukingoni. Tabo za GT35 na kubwa zaidi ni za injini iliyojengwa upya kwa pistoni na konrodi za kufuliwa. Kuziweka juu ya bloki ya kiwandani kwa ahadi kwamba “tutaweka presha kidogo” ni ahadi ambayo mguu wa kulia hauwezi kuitimiza.

Kuwa mwangalifu na za bei rahisi zenye nembo ya kuchapwa. Fungua upande wa kompresa, tikisa shafti kwa kidole. Inapaswa kuwa na mchezo mdogo wa pembeni, na isiwe na mchezo kabisa wa mbele na nyuma. Angalia pia bomba la oili inayoiendea tabo: baadhi ya EJ zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba hilo, na kikiziba tabo mpya inakufa kwa njaa ya oili ndani ya wiki chache, halafu mabaki yake yanaingia kwenye injini. Safisha au badilisha kabla ya kufunga.

Ekzosi ikipanuliwa kabla ya westigeti kupanuliwa, presha inaweza kupanda yenyewe kwenye mizunguko ya juu, kwa sababu tundu la westigeti ni dogo na haliwezi tena kuachia gesi yote. Dereva anaona geji ikipanda kupita kiwango alichoambiwa na anafurahi. Mwambie fundi aliangalie hilo kwenye dino kwa gia ya nne, hadi mizunguko ya mwisho, siyo kwa kuzunguka mtaa.

Baada ya hapo nunua kifaa cha kusoma kontroli boksi kwa simu. Kontroli boksi za Subaru hutunza namba inayoonyesha ni kwa kiasi gani injini inaziamini cheche ilizopangiwa. Injini inayogonga kwa kurudia huishusha namba hiyo, na cheche zikacheleweshwa kuilinda. Ikiwa salama husoma kiwango chake cha juu kabisa. Ukijaza petroli Mtito Andei na kabla ya Voi namba imeshuka chini ya kiwango hicho, usingoje ufike Mombasa kutafuta sababu: punguza presha, endesha taratibu bila kukanyaga, na umpigie fundi ukiwa bado njiani.