Gari likikohoa, kabureta ndiyo husingiziwa

Kama umepata kumiliki gari kuukuu, hasa zile Peugeot 404 na 504 zilizobeba abiria wa safari ndefu humu nchini katika miaka ya 1970 na 1980, kisa hiki hakitakuwa kigeni kwako. Asubuhi gari lawaka vizuri. Latoka mjini likinguruma kama simba. Baada ya muda laanza kukohoa na kurukaruka, kisha lazimika papo hapo njiani. Ukilipumzisha kidogo, lawaka tena kana kwamba halikuwa na ugonjwa wowote.

Hayo ndiyo yaliyonipata mwaka wa 1984 nikiwa na 404 yangu katika barabara ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Nilikuwa na mke wangu na watoto watatu, na jua la Mtito Andei halikutuhurumia. Tulisimama mara nne kabla ya kuona taa za Nairobi.

Kesho yake nililipeleka gari katika gereji moja. Fundi hakuniuliza swali hata moja. Alifungua boneti, akatikisa kichwa na kusema, "Kabureta imekufa." Nilinunua nyingine kwa pesa nilizokuwa nimeweka za karo ya muhula wa kwanza. Siku ya pili gari lilikohoa vile vile, nami nikaenda kumsihi mwalimu mkuu aningojee hadi mwisho wa mwezi.

Rafiki yangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi juani karibu na Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado huiita Grogan. Mzee huyo alianza kwa maswali. Je, lakohoa likiwa baridi au likiwa moto? Mlimani tu, ama hata mahali tambarare? Ni nani aliyeligusa kabla ugonjwa haujaanza?

"Mzee, nimeambiwa ni kabureta," nikamwambia.

"Kijana," akajibu, "hata daktari humshika mgonjwa kipaji kabla ya kumpasua tumbo."

Aliiacha injini ingurume mpaka ikapata moto sawasawa. Ilipoanza kukohoa aliizima, akatoa plagi moja na kutazama cheche zake. Zilikuwa nyembamba na za rangi ya manjano. Ugonjwa ulikuwa katika kondensa, kile kikopo kidogo kilicho kando ya distributa, ambacho kilikuwa kikishindwa kazi kila kilipopata joto. Bei yake haikufikia hata bei ya chakula cha mchana cha jamaa yangu.

MAMBO MATATU

Ndugu msomaji, injini ya petroli yataka mambo matatu tu: petroli na hewa kwa kipimo, kubanwa vyema ndani ya silinda, na moto kwa wakati wake. Likikosekana moja, gari hukohoa, na kikohozi chenyewe hufanana. Hiyo ndiyo sababu kabureta husingiziwa makosa ya wenzake.

Mafundi wa zamani walianza na moto kwa kuwa ndio uchakaao upesi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zilizomo ndani ya distributa hufunguka mara 6,000. Vyuma hivyo viwili huungua na kuliwa, na ule mwanya wao wa karibu milimita 0.4 hubadilika. Mwanya ukibadilika, wakati wa moto nao husogea, na nguvu za gari hupungua hata kama petroli ni safi kabisa.

Plagi nazo husema ukweli kwa rangi yake. Ikiwa ncha ni ya kahawia au ya kijivu, silinda ina afya. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli ni nyingi kuliko hewa: labda choki imekwama au chujio la hewa limejaa vumbi. Weusi wenye mafuta ya injini waonyesha kwamba ringi au vali zimechoka. Weupe kama wa chokaa ni dalili ya joto kupita kiasi, aghalabu kwa sababu petroli ni kidogo.

Kuna na jaribio la kujua silinda ipi ni mvivu. Injini ikinguruma polepole, vuta waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpini wa mpira. Mngurumo ukididimia, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, umempata mgonjwa.

PETROLI KUCHEMKA

Lakini si kila gari lizimikalo likiwa moto lina ugonjwa wa kondensa. Katika joto la nyika, petroli yaweza kuchemka ndani ya pampu au paipu na kugeuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Dalili ni zile zile, na dawa yake ni kuipumzisha injini na kuweka kitambaa chenye maji juu ya pampu.

Utayatofautishaje haya mawili? Gari likizima tu, usingoje lipoe. Ondoa kifuniko cha chujio la hewa, chungulia kooni mwa kabureta na usukume mkono wa akselereta. Petroli ikiruka, basi ipo, nawe ugeukie moto. Isiporuka, tafuta petroli ilikokwama. Jambo moja usilisahau: usijaribu cheche mahali palipomwagika petroli, wala usimruhusu mtu avute sigara karibu nawe.

MLIMANI

Nchi yetu nayo ina mtihani wake. Mombasa iko ufukoni, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko Timboroa barabara hupita mita 2,700. Kadiri upandavyo ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Nairobi ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Mombasa. Kilo moja ya petroli yataka karibu kilo 15 za hewa ili iungue vyema, na kabureta haina akili ya kujua kwamba umepanda mlima. Yaendelea kumimina petroli nyingi mno kwa ile hewa kidogo.

Kwa hiyo gari lililopimwa vyema Mombasa likitoa moshi mweusi kidogo na kuchoka huko Limuru, usikimbilie kununua spea. Si ugonjwa huo. Walioishi nyanda za juu walibadilisha jeti na kuweka zenye tundu dogo zaidi.

ZAMU YA KABURETA

Ukisha kutazama hayo yote, na kuhakikisha kwamba hakuna hewa inayoingia kwa wizi kupitia gasketi mbovu au mpira uliopasuka, hapo sasa waweza kuishika kabureta. Hata hapo, shika kwa adabu. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, ifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko, ili uweze kuirudisha ilipokuwa. Tikisa floti karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, imetoboka, nayo ndiyo inayofurisha kabureta. Jeti izibuliwe kwa pumzi au pampu, kamwe si kwa waya. Waya hupanua tundu, na tangu siku hiyo gari litakunywa petroli kama mlevi.

Zaidi ya yote, badilisha kitu kimoja, kisha jaribu. Abadilishaye vitu vitano kwa pamoja hajui ni kipi kilichoponya, wala ni kipi alichoharibu.

Peugeot 504 iliendelea kuunganishwa humu nchini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nyingine bado ziko barabarani. Lakini vijana wengi wa gereji leo wamezoea magari yanayosomwa kwa kompyuta. Hilo si kosa lao. Ila gari kuukuu halina mahali pa kuchomeka kompyuta, na wazee waliojua kulisikiliza wanazidi kupungua. Mwenye gari asiyejua kuuliza maswali yale matatu ya yule mzee atazidi kununua kabureta.

Ile yangu ya kwanza, ambayo haikuwa na kosa lolote, niliirudisha mahali pake mwaka ule ule. Ilinibeba miaka tisa zaidi.