Wosia wa Mzazi Uwe Wake Mwenyewe

Somo: Mwanzo 27:1-40



Isaka alikuwa mzee, na macho yake yamefifia. Waliomdanganya hawakuwa wageni, bali mkewe na mwanawe, kwa chakula kitamu na nguo zisizo zao. Baraka ilitoka kinywani mwake, lakini haikuwa nia yake. Matokeo yake Esau alilia kwa uchungu, na Yakobo akakaa ugenini miaka 20. Wala Maandiko hayatuambii kwamba Rebeka alimwona tena.

Hapa kwetu Thika na Ruiru mashamba ya kahawa yanakatwa ploti, na kishamba cha mama mjane kimekuwa mali kubwa. Siku moja tuliitwa kumwombea mama mgonjwa. Baada ya sala tukaletewa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, na wino wa kidole gumba tayari. Mwana mmoja tu alikuwapo. Tulipomwuliza mama kama anayajua yaliyoandikwa, alimtazama mwanawe kwanza. Tukakataa kuwa shahidi.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema wazi: wosia uliopatikana kwa udanganyifu, kwa kulazimisha, au kwa kumsumbua mtu hata akapoteza hiari yake, ni batili. Basi, mwenye kumbana mzazi huenda akapoteza hata kile alichokitafuta.

Tufanyeje ili kumlinda mzazi?

Kwanza, wosia uandikwe mapema, mzazi akiwa na nguvu na akili timamu. Asisubiri kitanda cha hospitali.

Pili, mzazi achague wakili wake mwenyewe, na azungumze naye faragha. Mwana anayempeleka kwa gari na angoje nje.

Tatu, asiyeweza kusoma asomewe maneno yote kwa lugha anayoielewa, kabla ya kuweka sahihi au alama yake.

Nne, mashahidi wawe wawili au zaidi, wasio warithi. Shahidi aliyeachiwa kitu katika wosia hukipoteza kitu hicho, isipokuwa wapo mashahidi wengine wawili wasiorithi.

Tano, mzazi akiwa mgonjwa, daktari amwone siku zile zile na aandike kwamba anaelewa analolitenda.

Na mzazi unayesikiliza, ikiwa ulishurutishwa, usikate tamaa. Maadamu una akili timamu, unaweza kuufuta wosia ule na kuandika mwingine.

Hata sisi wachungaji na wazee wa kanisa tujihadhari. Tusikae kitandani pa mgonjwa tukitaja ujenzi wa kanisa. Sadaka iliyokamuliwa si sadaka.

Wapendwa, amri ya kumheshimu baba na mama haikomi mzazi anapozeeka. Kumheshimu ni pamoja na kumwacha aseme analotaka kuhusu mali aliyoitolea jasho, hata kama fungu letu litakuwa dogo. Yule mtu aliyemwomba Yesu amwamuru nduguye wagawane urithi, katika Luka 12, alionywa juu ya choyo. Onyo hilo ni letu pia.

Tuombe. Ee Bwana, uwalinde wazee wetu na mikono yetu wenyewe. Utupe mioyo iliyoridhika, ili tukimaliza kuwazika tuweze bado kula pamoja kama ndugu. Amina.