*#21# Haimwonyeshi Mdukuzi

Boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni, likikaribia kuingia, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye magrupu ya darasa: bonyeza *#21# ujue kama simu yako inasikilizwa, bonyeza *#62# ujue nani anakufuatilia, kisha malizia na ##002# kumfukuza. Baada ya hapo zamu yangu inafika. "Shikamoo mwalimu, nimebonyeza *#62# imeleta namba nisiyoijua. Nimedukuliwa?"

Hapana. Namba hiyo mara nyingi ni ya huduma ya ujumbe wa sauti ya kampuni yako ya simu. Haina haja na siri zako.

Kwa kuwa swali haliishi, tulimalize leo. Namba hizi za nyota na reli ni za mfumo wa GSM, na zilikuwepo miaka mingi kabla WhatsApp haijazaliwa mwaka 2009. *#21# inauliza jambo moja tu: je, simu zote zinazopigwa kwako zimeelekezwa kwenye namba nyingine? *#62# inauliza: simu yako ikiwa imezimwa au haina mtandao, anayepiga apelekwe wapi? ##002# inafuta maelekezo yote ya namna hiyo. Basi. Anayejibu ni mtambo wa kampuni ya simu, si simu yako. Mtambo huo haukagui programu zako, hauoni picha zako, wala haujui kama una akaunti ya Instagram.

Wapo wanaoniambia, "Lakini haina madhara, mwalimu." Ina madhara. Mtu anaweza kuwa amefungua WhatsApp yako kwenye kompyuta hapo nje ya geti la chuo, ukabonyeza *#21#, ukajibiwa kwamba hakuna simu iliyoelekezwa popote, ukalala usingizi mnono huku yeye anasoma kila unachoandika. Kipimo cha malaria hakigundui mimba, na hakuna anayekilaumu kwa hilo. Anayelaumiwa ni aliyekuambia kinagundua.

Pana mahali pamoja ambapo namba hizi zinagusa utapeli wa kweli, na ujumbe wa magrupu haupataji. Tapeli anakupigia akijifanya wa huduma kwa wateja, au ofisa wa mikopo, anakuambia ubonyeze nyota nyota 21 nyota, namba fulani, reli. Ukitii, umeelekeza simu zako kwake kwa mkono wako mwenyewe. Hapo anafungua WhatsApp kwa namba yako kwenye simu yake na kuomba tarakimu za uthibitisho zisomwe kwa kupigiwa. Anapigiwa yeye. Katika hali hiyo *#21# itakuonyesha kitu na ##002# itakusaidia. Kwa hiyo usibonyeze namba unayosomewa na mtu asiyejulikana, hata akilijua jina lako na kozi yako. Orodha za wanafunzi hubandikwa mpaka ukutani. Kulijua jina lako si ushahidi wa chochote.

Akaunti nyingi za wanafunzi zinazoletwa kwangu hazikuhitaji ufundi hata huo. Mmoja alifungua WhatsApp steshenari ili achapishe kazi ya kikundi, akalipa, akaondoka bila kuitoa. Mwingine alimtumia "rafiki" zile tarakimu 6 zilizoingia kwa SMS, kwa sababu rafiki alisema amezituma kimakosa. Mwingine anatumia GBWhatsApp, ile WhatsApp isiyo rasmi, ili asome jumbe zilizofutwa. Amekabidhi mazungumzo yake yote kwa mtengenezaji asiyemjua, halafu ananiuliza nani anamchungulia.

Sasa ya kufanya, haraka. Fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, ondoa kila usichokitambua. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN yako na baruapepe. Fanya hivyo kwa Gmail kwanza, maana Gmail ndiyo inayorudisha akaunti nyingine zote. Steshenari nenda na flashi. GBWhatsApp iondoe leo. Kiungo cha mkopo kisome kutoka mwisho wa jina la tovuti: Bodi ya Mikopo, HESLB, iko kwenye .go.tz, na neno "heslb" likiwa mwanzoni mwa jina linaloishia .com halithibitishi kitu. Ukinyang'anywa WhatsApp, isajili upya kwenye simu yako kwa tarakimu za SMS; mwizi atatolewa papo hapo. Akiwa ameshaweka PIN yake, utasubiri siku 7, lakini naye hatakuwa ndani. Yule wa Telegram anayejiita mdukuzi na kuahidi kukurudishia akaunti kwa elfu ishirini ni tapeli wa pili, usimlipe. SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040, bure.

Na kama vidole vyako lazima vibonyeze nyota na reli, bonyeza *106#. Itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, chukua kitambulisho uende duka la kampuni husika ifutwe, wala usingoje wikiendi: utapeli utakaofanywa kwa laini hiyo, jina la kwanza polisi watakaloliona ni lako.