Mtoto anapougua kwa sababu ya mkate

Kwetu mkate ni chakula cha heshima. Mgeni akifika asubuhi, tunatuma mtoto dukani alete mkate, chai inawekwa motoni. Mgonjwa akilazwa hospitali, tunampelekea mkate kwa sababu ni laini na hauhitaji mchuzi. Mtoto akifaulu mtihani, baba anarudi jioni na biskwiti mfukoni. Kwa hiyo habari ya juma hili itashangaza wamama wengi: kuna watu ambao mkate huo huo unawaharibu matumbo, na si kwa sababu umeoza ama mtu ametia kitu ndani. Ni ngano yenyewe ambayo miili yao haiiwezi.

Ndani ya ngano kuna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya donge la mandazi livutike kama mpira, na ndiyo inayoshika hewa mkate ukaumuka. Iko pia ndani ya shayiri, nafaka ya kutengenezea bia, na ndani ya nafaka moja ya nchi za baridi ambayo kwa Kifaransa inaitwa seigle. Watu wengi wanakula gluteni maisha yao yote bila shida. Lakini mwenye ugonjwa wa seliaki, mwili wake unaihesabu gluteni kuwa adui, na katika kupigana nayo unajiumiza wenyewe. Utumbo mwembamba umefunikwa kwa ndani na vinyuzi vidogo sana, mfano wa nyuzi za taulo, na kazi yake ni kunyonya chakula. Gluteni ikiingia kila siku, vinyuzi hivyo vinafupika, vinalala, mwisho vinaisha. Taulo limekuwa karatasi. Chakula kinapita tu. Mtoto anakula sahani nzima na bado anakonda.

Kwa mtoto mdogo dalili zinaanza baada ya kuzoeshwa mkate, biskwiti ama uji wenye ngano: kuhara kusikoisha, choo kinene chenye harufu kali, tumbo kubwa juu ya miguu myembamba, kutapika, hasira, na kilo zisizopanda kwenye mizani. Kwa mkubwa ugonjwa unajificha zaidi. Mama anakosa damu, anapewa vidonge vya chuma miezi na miezi, damu hairudi. Wengine mimba zinatoka, wengine mifupa inauma, wengine wanatokwa na vipele vyenye kuwasha sana kwenye viwiko, magoti na matako. Kuna wenye ugonjwa ambao hata kuhara hawahari.

Sasa mama yeyote anayesoma hapa atasema: lakini hizo ni dalili za mambo mengi! Ni kweli kabisa. Minyoo, amiba, giardia, kifua kikuu cha tumbo, virusi vya ukimwi, utapiamlo, maziwa ya ng'ombe yasiyomfaa mtoto, vyote vinaweza kuleta tumbo la namna hiyo, na kwetu ndivyo tunavyokutana navyo kwanza. Seliaki si ugonjwa wa kila nyumba. Muganga anayeanza kwa kupima choo na damu hajakosea. Tunaandika kwa ajili ya yule mtoto ambaye amekunywa dawa ya minyoo mara tatu, ya amiba mara mbili, na bado yuko pale pale.

Kwa sababu mtoto wa namna hiyo hakai bila maelezo. Muganga akinyamaza, jirani anasema. Hapa Kivu sote tunalijua neno linalotoka: karuho. Amelishwa sumu. Na sumu lazima iwe na mwenye kuitoa.

Mmoja wa dada zetu wa chama, ambaye ameturuhusu kueleza haya bila jina lake, alipitia njia hiyo na binti yake aliyekuwa darasa la pili. Mtoto alikuwa anaharisha tangu ana miaka miwili. Urefu wake ulikuwa wa mtoto wa chekechea. Familia ya bwana ikamshuku mama mkwe mdogo aliyekuwa akimletea mtoto mandazi kila siku ya Mungu baada ya misa. Wakamkataza kuingia katika parcelle. Mtoto akapelekwa kwa watu wa kutapisha sumu, akatapishwa mpaka akazimia. Akirudi nyumbani, mama yake, kwa huruma, alimpa chakula cha mgonjwa: mkate na chai ya maziwa. Ona jinsi mambo yalivyokuwa. Mandazi ya bibi yalikuwa yanamdhuru mtoto kweli, sawa na mkate wa mama, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ubaya moyoni. Daktari mmoja wa watoto ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: siku ambazo hamna mkate nyumbani, mtoto yuko namna gani? Mama akafikiri, akakumbuka miezi miwili waliyokaa kijijini kwa wazazi wake, wakila bugali ya mihogo na mahindi, na mtoto alinenepa.

Damu ilichukuliwa ikatumwa nje ya nchi, kwa sababu kipimo chenyewe hakikuwa hapa mjini. Kinatafuta askari wa mwili wanaoitwa anti-transglutaminazi. Mara nyingi daktari anaongeza kipimo kingine: anapitisha mpira wenye kamera mdomoni, anachukua vipande vidogo vya utumbo na kuvitazama kwa darubini. Hapa tunaomba wamama wasome polepole. Usiondoe mkate kabla ya kupimwa. Mtoto akikaa miezi bila ngano, askari wale wanapungua, vinyuzi vinaanza kuota tena, na kipimo kitasema hana ugonjwa wakati anao. Kwanza daktari, halafu kipimo, ndipo chakula kibadilike. Na akionekana anao, kaka na dada zake pia watazamwe, kwani ugonjwa huu unatembea ndani ya damu ya familia.

Swali la yule daktari lina historia, na tunapenda kuwaeleza kwa sababu mama mmoja yumo. Huko Uholanzi kulikuwa na daktari wa watoto, Willem Dicke, aliyekuwa akihangaika na watoto wa tumbo kubwa ambao wengi walikuwa wanakufa. Inasimuliwa kwamba mama mmoja kijana alimwambia hivi: mimi nikimnyima mtoto mkate, anapona. Dicke hakumcheka. Akaanza kuchunguza. Kisha ikaja njaa kubwa ya vita, majira ya baridi ya 1944 na 1945, watu wa Uholanzi wakala hata vitunguu vya maua. Mkate ulikosekana. Watoto wengine wakadhoofika, lakini wenye ugonjwa ule wakaonekana kupata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 Dicke akaandika kitabu chake cha udaktari juu ya jambo hilo. Msidhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Kati ya watoto Wasaharawi wa Sahara ya Magharibi, utafiti uliotolewa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya 5 kwa kila 100 wanao, wakati duniani kwa jumla wanakadiriwa kuwa karibu 1 kwa 100.

Dawa ya seliaki hakuna. Tiba ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote, hata mtoto akishapona na kunenepa. Neno hilo linatisha, lakini tazameni sufuria zetu. Bugali ya mihogo, ya mahindi, ya mtama: haina gluteni. Wali, viazi vitamu, viazi vya Ulaya, ndizi za kupika, maharagi, soya, karanga, sombe, lengalenga, sambaza, nyama, mayai, maziwa, avoka, mafuta ya mawese: hakuna hata kimoja chenye gluteni. Mama wa Ulaya mwenye mtoto wa seliaki ananunua unga wa pekee kwa bei ya juu. Sisi bibi zetu walikula bila gluteni kabla ngano haijafika kwetu.

Taabu iko kwingine. Kwanza ni ile asubuhi ya haraka, watoto wanaenda shule, na mkate ndio unaopatikana upesi. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, unafaa sana, ila uliza kama muuzaji hakuchanganya ngano. Wengi wanaitia ili uji uwe mwororo. Viazi vitamu vilivyochemshwa jioni vinaliwa baridi asubuhi bila shida. Na kwa ajili ya mandazi, dada yetu amegundua njia yake: anaponda ndizi mbivu za kamaramasenge, anatia unga wa mihogo kidogo kidogo mpaka donge lishikane, bila maji hata tone, anatandaza, anakata kwa mdomo wa kikombe, anakaanga. Mafuta yawe mapya. Yaliyokaangiwa mandazi ya ngano hayafai.

Hilo la mafuta linatufikisha penye kazi kubwa, maana gluteni inadhuru hata ikiwa makombo. Kinu cha mtaani kinachosaga ngano asubuhi kitatia ngano ndani ya mahindi yako mchana. Omba kusaga baada ya wenye mihogo wengi, ama twange nyumbani. Mwiko uliokoroga donge la mkate uoshwe kabisa kabla ya kuingia sufuria ya mtoto. Makaroni, spageti, chapati, sambusa na keki za harusi ni ngano. Vyakula vya pakiti, vipande vya kutia mchuzi ladha na soseji visomwe: mahali palipoandikwa blé, froment, orge, seigle ama malt, rudisha. Biskwiti ngumu za msaada zinazoitwa BP-5 zina unga wa ngano. Plumpy'Nut ni ya karanga, maziwa, sukari na mafuta. Mama aliye kambini na mtoto wa namna hii amweleze muuguzi mapema.

Neno moja juu ya mihogo, kwa kuwa sasa italiwa zaidi. Mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha inabaki na sumu yake, na nchi yetu inajua konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu ulioandikwa kwanza Kwango mwaka 1938. Loweka, kausha vizuri juani, usifupishe siku kwa sababu ya soko. Na bugali ya mihogo peke yake haijengi mtoto. Maharagi ama samaki wawe pembeni.

Wamama Wakatoliki wametuuliza juu ya komunio. Hostia ni ngano. Kanisa haliruhusu hostia isiyo na gluteni hata kidogo, lakini linaruhusu ile yenye gluteni kidogo sana, na barua iliyotoka Roma mwaka 2017 ilirudia hilo. Asiyeweza hata ile kidogo anaweza kupokea divai peke yake. Zungumza na padri kabla ya siku ya komunio ya kwanza, si kwenye mstari mbele ya altare.

Shuleni, sisi walimu tunahitaji kuambiwa. Watoto wanagawana biskwiti wakati wa mapumziko, na mtoto anayekataa anaitwa mwenye maringo. Binti wa dada yetu sasa yuko darasa la nne na amefikia urefu wa wenzake. Wakimpa biskwiti anajibu: "Tumbo yangu haiijue hii," wanacheka, mchezo unaendelea. Bibi yake wa mandazi amerudi kuingia katika parcelle. Ilichukua karibu mwaka mmoja, na aliyeenda kumwomba msamaha ni baba wa mtoto mwenyewe.

Siku ya posho ijayo, saa nane, tutakaanga pamoja mandazi ya ndizi na mihogo katika chumba cha chama. Kila mmoja alete ndizi mbivu tano na bakuli moja la unga. Sufuria tutanunua mpya.