Jiko la Ruiru na Hesabu ya Makaa

Katika vyumba vya kupanga vya Makongeni mjini Thika na mitaani Ruiru, familia nyingi hununua makaa kwa mkebe. Leo mkebe wa kuchemshia githeri, kesho mwingine wa ugali na sukuma wiki. Kwa kuwa pesa hizo hutoka kidogo kidogo, ni rahisi kutotambua kwamba makaa ya mwaka mmoja yanaweza kugharimu mara kadhaa ya bei ya jiko lenyewe.

Kampuni ya majiko ya BURN imekua kwa kuifuata hesabu hiyo hadi jikoni. Ilianzishwa mwaka 2011 na Peter Scott, aliyeanza kujishughulisha na majiko baada ya kuona misitu ikiteketea nchini Kongo. Jiko la makaa la kampuni hiyo, Jikokoa, liliingia sokoni mwaka 2013, na mwaka uliofuata kiwanda kikafunguliwa Ruiru.

Halikuwa jiko bora la kwanza nchini. Tangu miaka ya 1980, mafundi wa jua kali wamekuwa wakitengeneza jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani, na hadi leo linauzwa kwa bei nafuu karibu kila soko. Jikokoa huhifadhi joto vizuri zaidi, hivyo sufuria huchemka kwa makaa machache. Tatizo lilikuwa bei: takriban dola 40, yaani shilingi 4,000 hivi wakati huo.

Je, Jikokoa lilistahili bei hiyo? Wachumi Susanna Berkouwer na Joshua Dean walilichunguza jijini Nairobi, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2022. Waliopata jiko hilo walipunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 39 na kuokoa takriban dola 119 kwa mwaka. Hata hivyo, kwa wastani, watu walikuwa tayari kulipa dola 12 tu. Walipopewa nafasi ya kulipa kwa awamu, kiasi hicho kiliongezeka maradufu.

Hapo ndipo siri ya ukuaji ilipo. Mama mboga hajakosa akili ya biashara. Amekosa shilingi elfu nne za kutoa kwa mkupuo.

Kwa hiyo kampuni, pamoja na kuuza kupitia maduka makubwa, ilimfuata mnunuzi kwa mawakala na malipo ya polepole. Baadaye ikaongeza jiko la umeme, ECOA, ambalo mteja hulilipia kidogo kidogo kwa simu. Leo inauza katika nchi nyingi za Afrika.

Sehemu ya gharama ya majiko hayo hubebwa na mauzo ya hati za kaboni, zinazohesabu hewa chafu iliyozuiwa. Hapa panahitaji uangalifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Sustainability ulikadiria kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa duniani ilidai manufaa takriban mara tisa ya yale halisi. Bei nafuu inayotegemea hesabu hizo haiwezi kudumu zisipokuwa za kweli.

Kwa mnunuzi wa Thika au Ruiru, kipimo kiko karibu zaidi. Andika pesa zote za makaa kwa mwezi mmoja, uliza kuhusu dhamana na vipuri, jumlisha awamu zote hadi ya mwisho, kisha ndipo uamue.