Hadithi za Skrini Zikifika Rungwa

Kwenye karatasi, mradi wa hadithi za kuchezwa kwenye simu hauna kasoro. Hauchimbi kisima wala haujengi daraja. Vijana wawili watatu, kompyuta moja, programu ya bure kama Ren'Py iliyopo tangu 2004, na mchezo unatoka: picha juu, maandishi chini, msomaji anaamua mhusika afanye nini. Zamani kilichokwamisha kazi ni mchoraji na mwandishi, maana hao wanadai malipo. Siku hizi akili mnemba inachora na kuandika kwa usiku mmoja, na andiko la mradi linaweza kuahidi hadithi mia bila mtu kushtuka.

Sasa upeleke mchezo huo kijijini Rungwa. Unashuka treni ya Reli ya Kati pale Itigi, unashika barabara inayoelekea Makongolosi na Chunya, unakata miombo mpaka jirani na Pori la Akiba la Rungwa. Msomaji wako wa huko anashika simu yenye ufa kiooni, yuko juani, na mwanga ameushusha ili chaji ifike jioni. Herufi ni nyeupe, zimewekwa kwenye kisanduku angavu kinachoonyesha picha iliyo nyuma yake, na picha yenyewe ni mchana wa jua kali. Hasomi kitu. Vitufe vya kurudi nyuma na kuhifadhi vimepangwa chini kabisa kwa herufi ndogo, vimebanana, vilevile vilivyopangwa kwa kompyuta. Kidole gumba kilichozoea jembe kinagusa viwili kwa pamoja. Akipigiwa simu katikati ya hadithi, anaweza kurudi na kukuta ameanzishwa mwanzo. Mtengenezaji hakuliona hilo kwa sababu alijaribu kazi yake kwenye kompyuta yenye kioo kipana, akitumia kipanya, chini ya feni.

Asiniambie mtu kwamba watu wa vijijini hawajazoea teknolojia. Menyu ya kutuma pesa ya *150*00# haina picha hata moja, inafunguka kwenye kitochi, na bibi anamtumia mjukuu hela kwa hiyo hiyo. Kila hatua inauliza jambo moja, majibu yana namba, na ukikosea unajua umekosea wapi. Aliyeipanga alimfikiria anayebonyeza.

Picha za mashine nazo zina mkasa wake. Rungwa ni nchi ya warina asali. Mzinga wanaoujua ni wa gogo au wa gome la mti, umetundikwa juu ya tawi. Iombe mashine picha ya mzinga bila maelezo ya kutosha, na usishangae ikikuletea kichuguu cha manjano cha vitabu vya watoto vya Ulaya. Omba tembo, nawe hesabu masikio kabla hujashukuru, maana watoto wa pale wanajua tembo anafananaje akiwa shambani usiku. Mtoto akiona kosa la namna hiyo kwenye ukurasa wa pili, ukurasa wa tatu anausoma kwa mashaka. Sioni dhambi katika kuitumia mashine. Tatizo ni kwamba picha imepatikana bure, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kumlipa mrina asali aitazame. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, tangu Januari 2024 linawataka watengenezaji waseme wametumia akili mnemba wapi. Tangazo hilo linamsaidia mnunuzi, lakini mzinga unabaki vilevile.

Nchini kwetu Tanzania kuna mfano wa kazi iliyopangwa kwa kumwangalia mtumiaji. Shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya dola milioni 15, lilijaribiwa mkoani Tanga kuanzia 2017 hadi 2019, kwa ushirikiano wa UNESCO, WFP na serikali. Karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Wengi hawakuwa wamewahi kukanyaga darasani. Mwalimu hakuwepo, kilichokuwepo ni vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua, na mama wa kijiji wa kuvisimamia. Programu ilipaswa kujieleza yenyewe kwa mtoto asiyejua kusoma, kwa sauti, kwa picha, kwa kitufe kikubwa kisichotaka kuelezwa. Mei 2019 timu za Kitkit School na onebillion ziligawana ushindi. Wanaoisimulia habari hiyo hupenda kutaja dola. Mimi namkumbuka zaidi yule mama: bila mtu wa kuchaji kifaa, na wa kumsikia mtoto akisema hapa pamekwama, hata kitufe kizuri kingezimika na betri.

Programu za timu zote tano zilizofika fainali ziliachwa wazi, mtu yeyote azichukue na kuzitengeneza upya bila kulipa. Anayetaka kupeleka hadithi Rungwa hana sababu ya kuanza na ukurasa mtupu, wala na vitufe vilivyopangwa kwa kompyuta. Anahitaji nauli kutoka Itigi, siku chache za kukaa kijijini, na toleo ambalo bado linabadilika. Fungu hilo liwekwe kwenye bajeti kabla ya hadithi ya kwanza kuchorwa. Likiwekwa baada ya hadithi ya mia, litakuwa limebaki la kupigia picha za uzinduzi.